Mugisha Habebwi Mgongoni

Jumatatu, 3 Machi
Samahani, nafsi yangu, nimekawia mno kuandika. Mikono imejaa mtoto. Nimefua nepi, nimemenya ndizi. Mama mkwe amemkanda Mugisha kwa maji ya moto, akamnyoosha miguu kama alivyowanyoosha wajukuu wote. Leo kalia kilio kingine. Paja limevimba.

Jumanne, 4 Machi
Bukoba, hospitali. Paja limevunjika. Picha inaonyesha na mbavu zilishavunjika zikajiunga zenyewe. Muuguzi kaniuliza nani anampiga. Mtoto mchanga hivi! Aibu. Hasira.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kanieleza taratibu. Seli za Mugisha zinatengeneza protini ya kukaza mifupa, ila mitambo ya kuitoa nje ya seli ina kasoro. Protini inarundikana ndani, mfupa unabaki dhaifu. Kazaliwa hivyo. Wataalamu wanayachunguza haya kwa inzi wale wadogo wa kwenye ndizi mbivu. Mtambo huo ukiharibika, funza wa inzi hakui sawasawa, wengi wanakufa kabla ya kuota mabawa.
Nikauliza dawa ya kuurekebisha. Hakuna.
Nimewachukia wale inzi. Hawana kosa.

Jumapili, 9 Machi
Tumerudi nyumbani Muleba. Mama mkwe katoka kwenye shimo la kuivishia ndizi za rubisi, pombe yetu, inzi wakamfuata hadi mlangoni. Akataka kumfunga mtoto mgongoni.
"Mama, hapana. Habebwi mgongoni. Wala hakandwi tena."
"Waitu! Mikono hii imelea wanane!"
"Najua, Mama. Huyu anashikwa hivi. Kiganja chini ya makalio, kingine chini ya kichwa."
Baadaye nikamsikia nyuma ya jiko analia, anasema ni yeye aliyemvunja. Sikwenda. Nilikuwa nimechoka, na upande mmoja wa moyo wangu ulitaka alie.

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Mama mkwe kamwinua Mugisha kama nilivyomwonyesha. Mtoto hakulia.
Atavunjika tena, daktari kasema. Huenda asitembee. Ni wangu.
Kesho nampigia baba yake kule kisiwani anakonunua dagaa. Atume godoro dogo la sponji, nene. Shuka za pamba, laini. Bendeji za kitambaa. Na kreti moja la plastiki la samaki, jipya, lisilo na harufu, nimtandikie humo, tumbebe amelala, tukimpeleka kubatizwa.