Kosa la Aliyeanguka

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, Jumapili tarehe 21 Agosti 1966, mbele ya Koplo Yohana.

Jina: Abbasi Zaidi. Umri: miaka 41. Kabila: Mdigo. Dini: Mwislamu. Kazi: mwuza vitambaa. Makazi: Karatu, karibu na soko.

Nasema haya kwa hiari yangu, ingawa tangu asubuhi nimeshayasema kwa mdomo na duka langu limefungwa.

Mpira wa kikapu nilijifunza Tanga. Hapa Karatu, chuo cha ualimu cha Walutheri kikicheza na chuo cha kilimo cha Wakatoliki, hakuna upande unaomwamini refa wa mwenzake. Kwa hiyo huniita mimi, nisiye na ndugu huku wala huku. Malipo yangu ni chai na lawama.

Mnamo tarehe 20 Agosti, saa kumi jioni, nilianzisha mchezo katika kiwanja cha chuo cha ualimu. Vijana wa siku hizi wanazuia kwa kifua, kwa kiwiko, kwa nyonga. Nilipuliza filimbi mpaka midomo ikaniuma. Nikipuliza, upande mmoja unaniita kipofu. Nikipuliza tena, wa pili unakubaliana nao.

Metui, mwanafunzi wa ualimu kutoka Ngorongoro, hana vurugu hizo. Yeye husimama tu, miguu imara, mikono juu, hasogei. Nilipata kumwuliza nani kamfundisha. Akasema, "Ng'ombe akikujia mbio mlangoni mwa boma, usimguse wala usikimbie. Simama, atageuka mwenyewe."

Jana Wilibrodi wa chuo cha kilimo hakugeuka. Alikuja na mpira kwa mbio zake zote, akamgonga Metui kifuani, akaanguka, mdomo ukatoka damu. Metui hakumpiga. Nilipuliza filimbi kwa nguvu kumpa kosa Wilibrodi. Narudia, Bwana Koplo, na uandike hivyo hivyo: kosa lilikuwa la aliyeanguka.

Hapo ndipo alipoingia Konstebo Josephati. Alikuwa anapita na baiskeli akitoka Endabash, na mchezo huu hajapata kuuona. Polisi akisikia filimbi anajua mwenzake anaomba msaada, nami simlaumu kwa hilo. Alitupa baiskeli chini, akaona mmoja amelala ana damu na mwingine kasimama mikono juu. Akadhani anajisalimisha. Akamtia pingu.

Nikamwambia huu ni mchezo. Akasema damu si mchezo. Nikapuliza filimbi tena ili kumzuia, naye akanishukuru, maana alidhani namwitia wenzake. Kisha akaichukua filimbi yenyewe kuwa kielelezo. Lahaula! Wilibrodi alimfuata njia nzima akimwambia ni yeye aliyemgonga Metui. Konstebo akamjibu kwamba majeruhi asiongee.

Kinachoniuma ni hiki. Kesho asubuhi Metui anaanza mtihani wa mwisho wa ualimu, na mkuu wa chuo ametamka kuwa mwenye kesi ya polisi haingii chumba cha mtihani. Baba yake amefika leo kutoka Ngorongoro kumtakia heri mwanawe, akaambiwa yuko mahabusu. Mzee amekaa hapo barazani na fimbo yake. Nimeshindwa kumtazama usoni.

Umeniuliza sasa mara ya nne, mtu aliyesimama anamwangushaje anayekimbia. Nimechoka kueleza, wallahi. Nimekuomba twende uani, mimi nisimame, wewe uje mbio.

Tumerudi. Sina la kuongeza.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyapulizia filimbi. Nimesomewa, nami nakubali ni kweli.

(Sahihi) Abbasi Zaidi

Maelezo ya askari: Nimeandika maelezo haya mimi, Koplo Yohana, na kumsomea shahidi. Huko uani nilimkimbilia shahidi akiwa amesimama, mikono juu. Nilianguka na kuchubuka goti. Hakunisukuma. Konstebo Josephati ameelezwa. Filimbi amerudishiwa mwenyewe, kwa sharti asiipulize karibu na barabara. Metui ameachiwa saa sita mchana mbele ya baba yake, hana shauri la kujibu. Kesho aende kwenye mtihani wake.