Sasa Najua kwa Nini Hukubeba

Baba Domitila,

Shikamoo. Nakusalimu kwanza, maana hata huko uliko ukisikia nimeanza na habari kabla ya salamu utanirudisha mlangoni, kama siku ile nilipoingia kwenu mbio kukwambia nyumba ya jirani imeezuliwa na upepo.

Ni mimi, Deo, uliyemfundisha kubeba machela. Mwaka umepita na nusu tangu tukuzike, na mlima wetu huku Kasulo ni ule ule. Bodaboda zimeongezeka, lakini mvua ikinyesha mteremko unazishinda, na mgonjwa bado anashuka kwa mabega ya watu hadi barabarani gari linaposubiri. Kundi lako lipo. Nasema lipo, ila lilikaribia kufa mikononi mwangu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kwanza niungame. Miaka yako ya mwisho hukubeba. Watu wanne wana machela begani, wengine wanne wanafuata wakisubiri zamu, na wewe unatembea pembeni, mikono mitupu, unatazama tu. Ulisema, "Simoni, toka. Deo, ingia," basi. Kwenye pombe ya ndizi tulikusengenya. Mimi ndiye niliyesema, "Mzee siku hizi bwana mkubwa, anasindikiza mgonjwa kama anasindikiza harusi." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Sijui kama yalikufikia. Siku natupa udongo kaburini kwako, maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yananizunguka kichwani. Nisamehe, mzee wangu.

Ulipoondoka wakanichagua mimi. Kichwa kikavimba pale pale. Mtendaji wa kijiji akanipeleka semina ya uongozi Biharamulo, siku mbili, soda na maandazi, na bwana mmoja aliyevaa tai akatuandikia kwenye karatasi kubwa kwamba kiongozi huongoza kwa mfano. Nikasema moyoni, ahaa, hapo ndipo mzee wangu alipokosea. Nikarudi nimeamua: mti wa mbele wa machela nitaushika mimi, na sitauachia mpaka barabarani.

Na kweli sikuuachia. Weee, walivyonisifu! Mpaka siku ya Konsolata. Uchungu wa kuzaa ulimshika asubuhi, mvua inamwagika, tukamweka kwenye machela tukashuka. Mimi mbele, kifua mbele, sikugeuka nyuma hata mara moja. Ningegeukaje, na mti uko begani? Tulipofika kwenye utelezi chini ya migomba ya Simoni, Yohana aliyekuwa nyuma yangu akaishiwa nguvu za magoti. Machela ikaenda upande. Konsolata akaanguka kwenye matope, na tumbo lake lile. Ukelele wake bado nausikia.

Mungu ni mkubwa. Alivunjika mkono, lakini akajifungua salama kituo cha afya, mtoto wa kike, mnene, sasa anatambaa na anakula udongo wa watu.

Lakini sikia nilichofanya mimi. Watu wakaanza kusema, "Yule Mrundi ndiye aliyemwangusha." Yohana! Amezaliwa hapa hapa, wazazi wake ndio waliokuja wakikimbia, na zamu yake ya kwanza ulimpa wewe mwenyewe. Nilisikia, nikanyamaza. Wiki tatu nzima, Baba Domitila, nimejitia hamnazo. Nilifurahi kwamba hawanitazami mimi. Yohana akaacha kuja, wenzake wakaacha mmoja mmoja, na siku moja tulipoitwa tukatokea watatu. Mgonjwa ikabidi abebwe na ndugu zake kwenye blanketi.

Aliyenitoa huko ni mkeo. Mama Domitila alikuja kwangu na maharage kwenye kikapu, akakaa, akauliza habari za watoto, kisha akasema bila kunitazama, "Yohana anateka maji saa saba mchana, jua kali, ili asikutane na watu. Sababu unaijua." Akachukua kikapu chake akaondoka.

Jumapili baada ya misa, wakati wa matangazo, nikaomba kusimama. Nikasema mbele ya wote kwamba kosa ni langu, si la Yohana, na anayemwita Mrundi aje aniite mimi mzembe. Baadaye nikamfuata nyumbani kwake. Nikamwomba radhi, nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Nilichoka tangu kule juu. Lakini wewe ulikuwa mbele yangu na hujapokewa. Ningesemaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa, Baba Domitila.

Hakuna mwanamume wa kwetu atakayesema amechoka huku kiongozi wake bado amebeba. Atakufa na mti begani. Wewe ulilijua hilo. Ulitembea pembeni ili uzione shingo zetu na magoti yetu, umtoe mtu kabla hajaaibika. Mbele ya watu ilionekana umemwamuru tu, hakuna aliyejua kwamba umemwokoa. Kazi yako ilikuwa ngumu kuliko ya kwetu sote, nasi tukakucheka.

Ila nina ugomvi na wewe. Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu! Ulidhani nitaona mwenyewe? Sikuona. Konsolata amevunjika mkono ndipo nikafumbuka macho. Nimekukasirikia sana, nisikufiche, na nimekulilia na hasira hiyo hiyo.

Haya. Nikaanza kutembea pembeni. Masengenyo yalianza wiki hiyo hiyo, sitaki kukusimulia, unayajua. Yohana akarudi, na wenzake wakamfuata. Nimejifunza mengi ambayo yule bwana wa tai hakuyaandika. Simoni akianza kunyamaza ujue amechoka, Petro naye akianza kuimba ndiyo amechoka. Ukimtoa Yohana mapema ananuna, ukimchelewesha anaumia. Wengine wanabeba vizuri wakisifiwa, wengine ukiwasifu wanaharibu. Nikaanza pia kumwachia mmoja nafasi ya pembeni, leo huyu, kesho yule, nami niingie begani.

Mwezi uliopita nilikuwa Nyakahura kwa dada yangu, mwanawe anapata kipaimara. Simu ikaita, Yohana. Mama Domitila amezidiwa, kifua na homa, na huku mvua tangu alfajiri. Nilichanganyikiwa. Nikapiga kelele kwenye simu kwamba wasitoke, wanisubiri, natafuta usafiri sasa hivi.

Akasema, "Kaka Deo, tumeshafika barabarani. Amepanda gari."

Nikamuuliza nani aliyetembea pembeni. "Mimi," akasema, na simu ikakatika.

Watu ndani wanakula pilau, mimi niko nje nacheka na machozi yananitoka. Iliniuma pia, nisiseme uongo. Walimbeba mkeo, mimi sikuwepo, na hakuna kilichoharibika.

Amepona. Yuko shambani anapalilia, na Domitila amemkataza lakini unamjua mama yake. Yohana nimeshamweleza yote uliyokuwa ukifanya, na kila atakayeingia kundini nakuahidi atayasikia kwangu kwa maneno, pamoja na ujinga wangu, nikiwa bado nina pumzi. Sitangoja waone wenyewe.

Pumzika, mzee wangu. Nilipokwenda kumpa pole Mama Domitila nilimuuliza njia ilikuwaje, hasa pale kwenye utelezi. Akanishangaa.

"Utelezi upi? Mimi nililala usingizi."

Mwanao,
Deo