Kabla Hujampa Mtoto Jina Langu

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umepata nguvu, unakula vizuri, na mpwa wangu ameanza kukuachia walau usingizi wa kuibia. Mimi sijambo. Mafua ya majira haya ya baridi yamenipitia na kuondoka. Kimebaki kikohozi kidogo ambacho Mama akikisikia atakigeuza kuwa ugonjwa mkubwa, kwa hiyo tafadhali usimwambie. Na kama Mama ndiye anayesoma juu ya bega lako sasa hivi, shikamoo Mama, nakuomba umwachie mwenyewe asome kwanza.

Utashangaa kuona barua, wakati simu yangu iko mfukoni na yako haikutoki mkononi. Simu nimeijaribu. Juzi nilikupigia nikiwa nimeshapanga maneno yangu yote, ukapokea, ukaanza kunisimulia jinsi mtoto anavyopiga chafya, na mpaka unakata nilikuwa nimesema “ehe” na “kweli?” tu. Wewe kwenye simu huongei, unatangaza. Nikaona afadhali karatasi, maana karatasi huwezi kuikatiza.

Kwanza nikushukuru kwa ujumbe wako wa Jumatano jioni. Uliniandikia kwamba unanishukuru kwa kukuletea mumeo, kwamba maneno ya siku iliyotangulia niyasahau, na kwamba mmeamua mtoto achukue jina langu, mtakwenda kumwandikisha akitimiza wiki mbili. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa. Machozi yalinitoka waziwazi, muuzaji akadhani nina maumivu makali, akanipitisha mbele ya watu wote. Sijawahi kupewa heshima kubwa kama hiyo, na jina lenyewe unajua nilivyolichukia tulipokuwa shule.

Lakini kabla jina halijaandikwa, kuna jambo lazima ulijue. Ukishalijua, uamuzi ni wako. Niache nianzie Jumanne, kwa kuwa Jumanne hukunipa nafasi ya kujieleza.

Kazi yangu unaijua nusu nusu. Rafiki zako unawaambia mimi ni yule wa kusoma mvua kwenye televisheni. Sijawahi kuingia kwenye televisheni. Ninakaa kwenye chumba kidogo juu ya ukumbi wa abiria wa helikopta, dirisha linatazama kiwanja, kuna hita inayochemsha miguu na kuiacha mikono imeganda, na mbele yangu kuna ramani za bahari kwenye skrini. Kila siku, kabla helikopta hazijawapeleka wafanyakazi kwenye mitambo ya gesi huko baharini na kuwarudisha waliomaliza zamu, mimi ndiye ninayesema kama hewa inaruhusu. Nikitaja upepo mkali au ukungu, kila mtu ananielewa. Nikitaja radi ndipo ninapogombana na watu.

Watu wanadhani radi ni ya wingu jeusi na ngurumo za kutikisa madirisha. Wakiona mbingu imetulia, wanasema mtabiri ni mwoga. Basi majira ya baridi mambo huwa mengine kabisa. Kuna mawingu ya kijivu yamelala tu, hayangurumi, na meli inapita chini yake bila kupatwa na lolote. Lakini helikopta ikiingia humo, kwenye hewa iliyokaribia kuganda, mapanga yake yanayozunguka juu yanasuguana na chembe za barafu na chombo chote kinajaa umeme, kama sweta la sufu linavyorusha cheche ukilivua. Hapo wingu lililokuwa kimya linajibu. Yaani radi haikuwepo. Helikopta yenyewe ndiyo imekwenda kuichokoza.

Kwa hiyo ramani yangu inaigawa bahari kwa rangi. Penye kijani wanaruka, penye nyekundu hakuna kuruka. Penye njano mtabiri na rubani wanazungumza na kuamua.

Jumanne njia yote kutoka mtambo anakofanya kazi shemeji hadi nchi kavu ilikuwa nyekundu. Nikazuia safari. Huko chini ukumbini, wanaume waliokwisha kupimwa uzito wao na mizigo yao, na kuvaa zile suti nene za rangi ya chungwa za kuelea baharini, ilibidi wazivue tena. Mmoja aliuliza kwa sauti, makusudi nisikie, ni nani huyo anayeogopa mawingu kama mtoto anavyoogopa sindano. Na kule mtamboni, wa kwanza kwenye mstari wa kurudi nyumbani alikuwa mumeo, Spana wetu, begi begani, kwa sababu asubuhi ile uchungu ulikuwa umekushika kabla ya siku zake.

Ndipo uliponipigia kutoka wodini. Ulisema umetazama dirishani na hakuna hata tone la mvua. Uliniuliza kifuani mwangu kuna moyo au kipimajoto. Ulisema ningekuwa ndugu wa kweli ningeibadilisha hiyo rangi, kwani si ni kubonyeza tu. Nikakuambia hapana. Ukalia, nikarudia hapana, ukanikatia simu. Mdogo wangu, tangu utoto wako sijawahi kukunyima kitu ukiwa unalia, na wewe umelitumia vibaya sana jambo hilo. Nilikaa pale nikiitazama simu. Alasiri mtoto akazaliwa, Mama amekushika mkono, na baba yake yuko katikati ya bahari anatazama wingu la kijivu lisilofanya kitu. Spana aliniambia baadaye kwamba siku ile alinitukana kwa lugha zote anazozijua, na nyingine akafundishwa palepale na wenzake.

Jumatano ramani ilikuwa njano. Rubani wa zamu alikuwa yule mama wa makamo tunayemwita Kapteni, hata sisi tusiokuwa chini yake, maana ndiye anayeheshimika kuliko wote. Alikuja, akainamia skrini pamoja nami, akaniuliza hii njano inaelekea wapi. Nikamwambia inaelekea kijani. Akashukuru, akaondoka.

Unachokijua wewe ni kwamba mchana shemeji aliingia wodini, kucha zina mafuta ya mashine, akambeba mtoto, akalia mpaka nesi akamtafutia kiti. Usichokijua ni kilichotokea njiani. Mwanzoni aliniomba nisikuambie, kwa kuwa ulikuwa umetoka kujifungua. Lakini uliponisimulia kwamba siku hizi mlango ukifungwa kwa kishindo anaruka, na kwamba mnamcheka eti ameingiwa na woga wa ubaba, nikaona hapana. Jana nimemwambia nakuandikia. Akasema nimemtua mzigo.

Helikopta ilipigwa na radi. Walikuwa wameshafika karibu nusu ya njia, ndani ya wingu la kawaida kabisa. Ukaja mwanga mweupe, kishindo kama cha mtu anayepiga bati kwa nyundo karibu na sikio, halafu harufu ya kuungua. Panga moja lilimeguka ncha, chombo kizima kikaanza kutetemeka. Kapteni akakishusha hadi karibu na mawimbi, kwenye hewa yenye nafuu, akawatangazia abiria, kwa sauti ileile anayoagizia chai, kwamba wamepigwa na radi, wanakwenda nyumbani polepole, na anaomba wasifungue mikanda. Mpishi wa mtambo, aliyekaa ubavuni mwa Spana, alianza kutubu kwa sauti, akafika mpaka kwenye sukari ya stoo. Spana anasema yeye alikuwa na wazo moja tu. Hakujua bado kama mtoto wake ni wa kike au wa kiume, kwa kuwa ulikataa kumwambia kwa simu, ulitaka aje ajionee. Aliona kama atakufa bila kujua.

Mimi nilisikia kwenye redio. Nilisimama dirishani sijui kwa muda gani, hadi nikaiona inakuja chini chini, inatikisika, magari ya zimamoto yameshajipanga. Ikatua. Wakashuka wote kwa miguu yao, mmoja baada ya mwingine, na nilipomwona wa mwisho ndipo nilipogundua nimeshika pazia kwa nguvu mpaka limechomoka.

Shemeji alipanda ngazi hadi kwangu, suti bado mwilini. Nilijiandaa kupigwa ngumi, na nakuambia kweli, nisingeikwepa. Alinikumbatia. Ananuka moshi, na ananishukuru. Sikuelewa mpaka aliponifafanulia kwamba ananishukuru kwa Jumanne. Alisema ikiwa hii ndiyo njano, basi jana angekuwa majini. Akasema anayarudisha matusi yote, isipokuwa moja ambalo amelipenda. Tukacheka kama wendawazimu, kisha nikamsukuma aende akaoge, akuwahi.

Sasa lililo zito kwangu ni hili. Mkuu wangu alizikagua ramani zote, akasema mtabiri yeyote angeruhusu safari ile. Nadhani ni kweli. Lakini mkuu hajui kilichokuwa moyoni mwangu. Kapteni aliponiuliza njano inaelekea wapi, nilikuwa bado nakusikia unalia. Niliitaka iwe kijani. Sikudanganya, niliyoyasema yalikuwa kwenye ramani, ila niliyatafuta. Pangekuwa na mke wa mtu mwingine wodini, huenda ningesema tusubiri hadi alasiri. Sijui. Nimejiuliza kila siku tangu siku ile na bado sijui.

Nilimwambia Kapteni haya yote. Alikuja ofisini baada ya kukamilisha mambo yake, akaipasha mikono joto kwenye hita, akauliza kesho zamu ni ya nani. Nikamjibu ni yangu lakini sidhani kama nastahili, nikamweleza sababu. Halafu akasema kiwanja kizima kilijua dada wa mtabiri amejifungua, na yeye pia aliiona ramani kwa macho yake, angeweza kukataa. Alisema kesho anaruka na anataka nikae kwenye kiti changu, kwa sababu sasa nimeshajua nikitamani jambo huwa naonaje, na mtabiri asiyejua hilo anamtisha zaidi. Nilitaka kumshukuru vizuri, nikaishia kumuuliza kama anataka chai.

Usije ukajibebesha hata chembe ya mambo haya, nakukataza kama kaka yako mkubwa. Ulikuwa na uchungu, ulikuwa bila mumeo, kulia ilikuwa haki yako. Kuisikiliza hewa ilikuwa kazi yangu. Siandiki ili uumie. Nimejawa na shukrani mpaka nashindwa kukaa kimya. Nashukuru kwa mikono ya Kapteni. Nashukuru kwa mafundi waliolikaza lile panga likabaki mahali pake hata lilipomeguka. Nashukuru kwamba shemeji yangu anakoroma chumbani kwako wakati unasoma haya, na kwamba unaweza kumpiga kiwiko.

Likizo yake ikiisha atarudi mtamboni, kwa helikopta, na mimi ndiye nitakayekuwa zamu. Ameniambia hataki mtu mwingine. Ukiona sivyo, mwambie, tutapanga vingine na sitanuna.

Na kuhusu jina. Usimpe mtoto jina langu kwa sababu ya Jumatano. Jumatano mumeo aliletwa na Kapteni, na kwa neema. Lakini kama baada ya kusoma haya yote bado unalitaka, basi mpe kwa sababu ya Jumanne, siku aliyozaliwa, siku uliyolia nami nikakukatalia. Hiyo ndiyo siku niliyokupenda kuliko zote.

Nisalimie sana Mama, mwambie nakuja kumbeba mjukuu wake nikipata mapumziko, aniwekee kitanda cha uani. Msalimie Spana. Mbusu mpwa wangu kwenye paji la uso kwa niaba ya mjomba wake. Na siku nyingine nikimzuia baba yake baharini, nipigie unitukane upendavyo. Nitapokea, nitakusikiliza mpaka mwisho, na helikopta haitaruka.

Ni mimi,
kaka yako akupendaye