Petroli Ndani ya Gari la Dizeli

Cádiar, 4 Machi 2019

Reme mwanangu,

Hujambo huko Malaga? Sisi wazima, ila mama yako na goti lake, na baridi ya mlimani.

Juzi nimecheka hadi mbavu zikauma. Mholanzi mmoja, Joost, kazimikiwa na gari la kukodi huku kwenye kona. Nikalivuta hadi gereji. Kunusa tangi: petroli, na gari la dizeli! Nikamwambia, "Mzee, umelinywesha sumu." Akadai binti wa kaunta ya magari, uwanja wa ndege wa huko kwenu, ndiye aliyemwambia petroli. Nikamjibu, "Kila anayeboronga humsingizia binti wa kaunta." Gereji nzima ikaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Alikuwa anawahi mazishi ya kaka yake, huko kijiji cha Mecina. Alipofika walishamzika.

Babako,
Baltasar

Malaga, 29 Machi

Shikamoo baba,

Goti la mama je? Mimi mzima, kazi nyingi. Soseji zimefika, asanteni.

Reme

Malaga, 21 Aprili

Shikamoo baba,

Natumai mko salama. Mimi silali vizuri.

Kaunta za magari pale uwanjani ni nyingi, lakini binti yule ni mimi. Siku ile foleni ilifika mlangoni. Gari lake la petroli lilikuwa halijasafishwa, nikampa jingine la dizeli, nikasahau kubadili karatasi. Tangi lilikuwa robo; kwetu unarudisha kama ulivyokuta. Akauliza, "Nikiongeza, niweke nini?" Nikasema petroli bila kuinua macho. Akauliza tena. Nikamwambia, "Bwana, si imeandikwa hapo kwenye karatasi?"

Mkataba unasema anayekosea mafuta analipia injini mwenyewe, bima haimo. Walimkata yuro elfu mbili na mia nne. Alipiga simu kulalamika, nami ndiye niliyepokea. Nilijua kosa ni langu, baba. Nikamwambia asome mkataba.

Usimwambie mama.

Mwanao,
Reme

Cádiar, 30 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Barua yako nimeisomea chini ya gari la watu, mama yako asinione uso.

Nami nikwambie. Kile kibandiko cha "dizeli" kwenye mfuniko wa tangi kilikuwa kimebanduka. Nililiona hilo. Nikanyamaza, kicheko kisije kikakatika.

Nenda kwa meneja. Nimeandika nilichokiona, nimetia sahihi na muhuri wa gereji. Karatasi imo kwenye bahasha hii. Wakikufukuza, kitanda chako kipo.

Babako

Malaga, 2 Juni

Shikamoo baba,

Poleni na kazi. Nilikwenda. Meneja akasema, "Mteja kashalipa, wewe unafukua nini?" Nikamwekea karatasi yako mezani. Joost karudishiwa pesa zake. Mimi kazi sina.

Nikampigia Joost mwenyewe. Za pesa hakuuliza. Akasema, "Tangu siku ile mke wangu haniachii usukani. Anasema uzee umenifika kichwani. Nami nilishaanza kumwamini."

Nikamwomba ampe mkewe simu. Nikamweleza yule mama yote, hata ile simu niliyoijibu kwa jeuri. Nikamsikia akilia, kisha akamwita mumewe kwa jina.

Nilipojaribu kuomba radhi kwa ajili ya mazishi, Joost alinikatiza. "Hayo siyo ya kuniambia mimi. Kaka yangu yuko Mecina."

Jumamosi nakuja na basi la mchana. Nipokee kituoni na gari, baba, twende Mecina kwanza. Nyumbani baadaye.

Mwanao,
Reme