Wivu Hakuwa Mama Rahabu

Baba,

Tumeshinda! Nakuambia hilo kwanza, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Leo mchana wazee wa kanisa hapa Dundori wamerudisha jina lako kwenye kitabu cha washirika. Miaka miwili walikutenga na meza ya Bwana, ukafa hivyo hivyo, kwa ajili ya mchoro mmoja. Mimi hasira haikuniacha hata nikikama ng'ombe.

Ulikuwa mpishi tu wa memsahib, yule bibi wa Kizungu. Lakini siku moja ukipanguza vitabu vyake, ukaona picha ya kale ya Waitalia, ya kalamu na wino. Wema amechorwa kama mtu, amesimama juu ya mwamba. Chini yake ni Wivu, mwanamke amekonda, ana pengo, anautafuna moyo wake mwenyewe. Ukaniambia, "Haya ni mahubiri bila mhubiri." Ukachemsha magome ya mti wa muwati na misumari yenye kutu kupata wino, mimi nikakuchongea unyoya wa bata mzinga. Ukaichora yote kwa kukumbuka tu, tukaipigilia ukutani kanisani.

Kumbe Mama Rahabu, mwenyekiti wa akina mama, naye ana pengo! Hukuwa umelifikiria hata kidogo, wewe na macho yako yasiyotoka kwenye sufuria. Akalia mbele ya wazee, "Amenichora mimi!" Nao wakamwamini, wakaubandua mchoro, wakakutenga.

Basi, mwezi huu memsahib amefunga mizigo kurudi kwao. Akaniuliza nataka nini, sufuria au blanketi. Nikasema, kile kitabu. Nimekibeba mgongoni kama mtoto mpaka kanisani, nikakifungua mezani. "Huyu alichorwa Ulaya kabla babu za babu zetu hawajazaliwa. Naye ni Mama Rahabu?"

Wazee wakatazama picha, wakatazama mchoro wako niliokuwa nimeuficha chini ya godoro. Halafu Mama Rahabu mwenyewe akaanza kucheka, wacha acheke, mpaka kicheko kikageuka kilio. "Mzee wa watu nilimwonea," akasema. Akaomba nyundo, akaupigilia mchoro ukutani kwa mkono wake.

Karani aliposoma jina lako nililia kwa sauti, Baba. Sikuona haya.

Lala sasa, baba yangu. Jumapili nitaketi benchi la mbele, pale pako, na akija mtu kuniuliza nimekaa mahali pa nani, nitalitaja jina lako kanisa zima lisikie. Nakuahidi.

Binti yako,
Nyambura