Mpini wa Ufagio na Swichi ya Sebuleni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada, mtaani anaitwa Mama Cherehani
Umri: miaka 58
Kazi: fundi wa kushona nguo
Makazi: nyumba ya tatu baada ya bomba la maji, mtaa wa nyuma ya soko
Uhusiano na mtuhumiwa: mama mkwe

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, ingawa moyo bado unanienda mbio. Afande ameniomba nizungumze taratibu kwa sababu mkono wake haukimbii kama mdomo wangu. Nitajitahidi. Lakini kwanza aandike hili, mengine yafuate: mkwe wangu mliyemfungia humo ndani hakumshambulia mume wangu. Amemwokoa. Sasa nianze mwanzo.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, yaani leo, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa sebuleni kwangu nashona sare za shule kwa cherehani ya umeme. Swichi ya taa ya hapo sebuleni ilikuwa inatusumbua tangu juzi. Ukiwasha, taa inacheza, na ndani ya ukuta unasikia kama mafuta yanakaangwa. Leo nilipoigusa ilikuwa ya moto na plastiki yake imegeuka rangi ya chai. Mume wangu alishikilia kwamba ni balbu, na balbu tulikuwa tumeshabadilisha mbili. Nikampigia simu binti yangu, naye akamtuma mumewe, ambaye ni fundi umeme.

Afande ameniuliza nilikuwa naelewana vipi na mkwe wangu kabla ya leo. Vibaya, na ubaya ulitoka kwangu. Yeye ni mtu mkimya, na kazi anaifanya polepole mno. Mimi mtu mzito kazini ananimaliza. Nilimbandika jina la Bwana Kesho, na mtaa mzima ukalidaka.

Alifika saa tatu kamili. Kabla ya kuzima chochote, alichukua testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini, akaichomeka kwenye soketi ya cherehani yangu. Kitaa kikawaka. Nikamwambia, "Si unaona nashona? Umeme upo." Akasema, "Sipimi umeme, mama, napima testa. Ikiwa mbovu itanidanganya baadaye." Nikaguna. Akaenda mlangoni akazima swichi kubwa ya nyumba, akaipiga tepu na kuandika juu yake USIWASHE, ingawa nyumbani tulikuwa watu wawili tu na wote tunamtazama. Kisha akairudia ile soketi kuhakikisha imekufa kweli. Hapo nilishaanza kukunja sura.

Akafungua skrubu mbili, akaivuta swichi mbele bila kugusa nyaya. Niliona skrubu moja ya ndani imelegea na waya wake umeungua. Nikajua basi, atie mpya tumalize. Yeye akapitisha testa kwenye waya mmoja mmoja. Wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, kitaa kikawaka, na nyumba nzima imezimwa.

Mume wangu akacheka, akamuuliza kama huo umeme unashuka kutoka mbinguni. Mkwe hakucheka. Alitueleza kwamba ukuta ule zamani ulikuwa wa chumba cha mpangaji wetu wa nyuma, ambacho kina mita yake. Sebule ilipopanuliwa, fundi aliyejenga aliuacha waya wa taa ya nje ya mpangaji humo humo, ndani ya kisanduku cha swichi yetu. Kwa hiyo sisi tukizima kwetu, ule unaendelea kuwa hai. Akasema, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyo: "Asiguse mtu. Naenda kuuzima huko unakotoka." Akatoka kwa mlango wa nyuma. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Baadaye nilijua kwamba kisanduku cha mita ya mpangaji kilikuwa na kufuli, mwenyewe yuko kazini, na mkwe alikuwa uani anamtafuta kwa simu. Sisi ndani hatukujua. Tulisubiri dakika tano, nane, kumi.

Hapa afande aandike vizuri asiniachie hata neno. Nilimwambia mume wangu, "Huyu atatuweka hivi mpaka sare zishonwe na wajukuu. Ni skrubu moja tu, baba watoto. Kaza mwenyewe." Ni mimi niliyesema. Mume wangu alikuwa pekupeku, na sakafu nilikuwa nimeipiga deki asubuhi ile, ina unyevu bado. Akachukua kisu cha mezani, akakiingiza kwenye kisanduku cha swichi.

Saa tatu na dakika arobaini nilimwona amenaswa. Hakupiga kelele. Mkono uling'ang'ania pale pale, mwili wote ukawa unatetemeka, macho yananitazama lakini hayanioni. Miaka thelathini na mbili nimeishi na yule mzee na sijawahi kuogopa namna ile. Nilimrukia nimvute. Kabla sijamfikia, mkwe aliingia mbio, akanisukuma kifuani kwa nguvu, nikaangukia kochi. Afande, angechelewa kwa sekunde moja tu tungekuwa maiti wawili. Naye kwenye kusukuma hakuwa na upole wowote, na namshukuru.

Alivuta ufagio nyuma ya mlango. Mpini wake ni wa mti na ni mkavu, na yeye alikuwa amevaa viatu vya soli ya mpira. Akampiga mume wangu kwenye mkono. Haukuachia. Akanyanyua tena akapiga chini ya kiwiko kwa nguvu zake zote, mkono ukaachia, mzee akaanguka na mdomo wake ukagonga meza. Damu ikatoka. Mimi nikapiga yowe, na yowe lenyewe liandikwe lilivyokuwa: "Anamuua mume wangu!" Ndivyo nilivyosema. Wakati ule sikuona mwokozi, niliona fimbo.

Mume wangu alikuwa hapumui. Mkwe akapiga magoti kando yake, akaweka viganja viwili juu ya kifua na kuanza kukandamiza huku anahesabu kwa sauti. Ndipo nikamwona jirani yetu dirishani, ameshika nondo. Sasa afande ajiweke pale dirishani. Unasikia mwenye nyumba analia kwamba mumewe anauawa. Unamwona mwanamke huyo ameangushwa kochini, mzee chini ana damu, na mwanamume amemwinamia anamkandamiza. Hata mimi ningeita polisi.

Alipofika ishirini na nane, mume wangu akakohoa. Jamani, nimesikia ngoma na vigelegele maishani, lakini sijasikia kitu kitamu kama kikohozi kile. Mkwe alikaa chini sakafuni akaanza kulia. Kisha akafuta uso, akambeba mzee mgongoni mpaka barabarani, tukapata gari la muuza mbao.

Tulifika zahanati saa nne na dakika tano. Nilipokuwa ndani kwa daktari, askari walimchukua mkwe wangu getini akiwa na damu kwenye shati. Niliambiwa saa saba mchana, na nimekuja hapa kwa miguu, nusu nakimbia. Daktari anasema kidole kimeungua na mfupa wa mkono umepata ufa, lakini moyo unapiga sawasawa. Mfupa utaunga. Mume wangu amelazwa kwa dawa na midomo imeshonwa, kwa hiyo hawezi kuja kusema haya mwenyewe leo.

Kuhusu jirani, asilaumiwe, hajasema uongo. Alieleza alichokiona. Na kile ambacho hakukiona, mimi ndiye niliyekuwa nampa kila jioni juu ya uzio kwa miaka minne: kwamba mkwe wangu ana chuki na mzee, na kwamba ipo siku atamnyanyulia mkono. Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Nilisema kwa sababu nilitaka binti yangu aolewe na mtu mwenye haraka kama mimi. Mtaani jirani huyo tunamwita Redio. Lakini redio haitungi habari, afande. Kituo kilikuwa mimi.

Nimeuliza mkwe wangu alijitetea vipi alipoletwa kaunta. Nimeambiwa hakueleza swichi, wala waya, wala ufagio. Alisema tu, "Muulizeni mama." Nimemsema miaka minne, na mtu aliyemtegemea amtoe ndani ni mimi. Naona aibu, na aibu hiyo nayo iandikwe.

Niliomba nisomewe mara mbili na nimesomewa. Ni maneno yangu yote, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: imewekwa

MAELEZO YA AFISA

Nimechukua maelezo haya leo kuanzia saa saba na dakika ishirini mchana hadi saa nane na dakika kumi. Baadaye nilifika kwenye nyumba husika nikiwa na fundi wa mita. Swichi kubwa ya nyumba ilikuwa imezimwa na tepu ipo juu yake. Waya wa tatu ulikuwa na umeme. Ulikufa tu baada ya mpangaji kuja na ufunguo na kuzima upande wake. Mtuhumiwa ameachiwa saa kumi na robo jioni.

Shahidi alikataa kwenda nyumbani na alisubiri kwenye benchi pamoja na jirani mtoa taarifa, ambaye shahidi mwenyewe alikuwa amemwita kwa simu. Mtuhumiwa alipotoka, shahidi alisimama akamwomba radhi mbele yetu sote. Nilimfahamisha kwamba jambo hilo si sehemu ya jalada. Alijibu kwamba uongo wake ulisambaa kwa mdomo, kwa hiyo radhi yake anaitaka kwa maandishi na muhuri.

Nimeandika. Nimegonga muhuri.