Safu Iliyofutwa

Dada yangu,

Pokea salamu, na ucheke kidogo: yule mdogo wako uliyekuwa ukimtuma chumvi akaleta sukari, sasa ndiye fundi wa hifadhidata ofisini.

Siku hizi nabadilisha jinsi programu yetu, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, inavyoiuliza hifadhidata. Zamani maswali tuliyaandika kama maneno tu, yasiyokaguliwa na chochote. Ukikosea jina la safu, kosa linalipuka mbele ya mteja. Sasa Java yenyewe inazijua safu za kila jedwali. Jana nilifuta safu moja, na kila mstari wa programu uliokuwa bado unaiulizia ukawaka rangi nyekundu kwenye skrini papo hapo. Programu ikagoma katakata kuanza. Nilifurahi kama mtoto.

Baba anakula vizuri. Redio yake imepona, na anaifokea kama zamani. Ila tangu tumzike Mama nawe ukarudi kazini kwako, kila asubuhi ananiuliza, "Mama yenu yuko wapi?" Mwanzoni nilimwambia ukweli, naye akalia kila mara kama ndio kwanza anasikia. Sasa namjibu, "Katoka kidogo, Baba."

Leo akauliza nikiwa nimeinamia kompyuta, mawazo yote kwenye kazi. Nikamwambia, "Ngoja nikuitie." Nikaenda hadi jikoni, nikaita, "Mama!" Nikaita tena kwa sauti zaidi, nikidhani hajasikia.

Hakuna rangi nyekundu iliyowaka kunizuia, Dada.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku